Bi Nyamaza, Aliyewafunga Mdomo Wauza Programu Ili Soko Liseme

Ijumaa hii, tarehe thelathini, Bi Nyamaza anastaafu baada ya kuitumikia idara yetu ya ujenzi kwa miaka thelathini na mmoja. Wapo walioanza kuisubiri siku hii zamani, na si kwa majonzi. Tunawajua. Na kwa kuwa nao husoma jarida hili, hasa ukurasa wenye picha zao, tuwaambie mapema tusije tukasumbuana: anayeondoka ni mtu mmoja. Kazi yake inabaki, na atakayekuja kuichimbia kaburi atatukuta tumelikalia jembe.

Kwanza hilo jina. Wageni hudhani anaitwa hivyo kwa upole. Upole! Mtu ambaye akicheka chumba cha ramani, mlinzi wa getini naye anatabasamu bila kujua kisa. Jina hilo alipewa na wauza programu za kompyuta, maana neno la kwanza walilosikia kutoka kwake, kabla hata ya karibu, lilikuwa hilo hilo: nyamaza. Yeye mwenyewe hajanyamazishwa na mtu, na wakuu wa idara kadhaa wameondoka hapa na jasho la kujaribu.

Aliingia kama mpiga chapa, enzi za mashine zinazogonga kama mvua ya mawe. Kazi yake ilikuwa kuchapa majibu ya malalamiko. Mmoja kajengewa zahanati ambayo mlango wa wodi haupitishi kitanda. Mwingine kajengewa darasa ambalo ubao unapigwa na jua mpaka mwalimu anaandika kwa kubahatisha. Bi Nyamaza alichapa, akachapa, hadi siku moja akamwuliza mkuu wa wakati ule, "Baba, mbona hawa watu tunaanza kuwasikiliza saruji ikishakauka?" Mkuu akamjibu, "Wewe chapa." Akachapa. Halafu wakati wa mapumziko akavaa viatu, akaenda kwenye kiwanja cha mradi uliofuata, akawauliza watu mwenyewe.

Hivyo ndivyo ilivyozaliwa meza ya mahitaji. Kwa ambao hamjui, ni hivi: kabla mhandisi hajachora hata mstari, mtu wa meza hiyo anakwenda kwa wale watakaolitumia jengo. Mnataka nini? Mnapita wapi? Mnaogopa nini? Anarudi na majibu, ndipo penseli inashika karatasi. Kusikia ni rahisi. Kufanya ni shughuli, kwa sababu watu hawasemi kama wahandisi, na wahandisi, Mungu awasaidie, hawasikii kama watu.

Amekaa meza hiyo miaka mingi, viatu kavua chini ya kiti, chai yake ya sukari nyingi ikipoa huku anabishana na mtu kwenye simu. Hapendi ngazi. Hapendi mkutano unaoanza na maombi ya uvumilivu. Mume wake, fundi cherehani mwenye ulimi mfupi lakini mkali, anasema nyumbani kwao hakuna anayeweza kununua hata sufuria bila kuulizwa: ya kupikia nini, nani ataibeba, na mkono wake una nguvu gani?

Kisa kikubwa, ambacho tumeombwa tukigusie tu, ni cha soko. Sisi hatugusii. Tunakishika kwa mikono miwili.

Soko la zamani lilikuwa libomolewe lijengwe la ghorofa. Mkuu wetu wa idara, huyu huyu wa sasa, akaleta programu ya kukusanyia mahitaji ya wafanyabiashara. Sisi tuliibatiza Tausi. Rangi zote ilikuwa nazo, michoro inazunguka, maneno marefu kama treni ya mizigo. Wafanyabiashara walitumiwa ujumbe kwenye simu, waufungue, wajiandikishe, watunge neno la siri, wachague wao ni wadau wa aina gani, kisha waandike hitaji lao na kulipangia daraja la umuhimu. Na hapa ndipo palipokuwa na sumu: asiyejibu ndani ya muda, Tausi ilimpaka kijani. Kijani maana yake hana pingamizi.

Siku ya mkutano, Mkuu akawasha projekta. Ukuta mzima kijani, kama shamba baada ya masika. "Mnaona?" akasema, uso umemng'aa. "Soko zima limekubali."

Bi Nyamaza akasogeza miwani. "Soko gani hilo lililokubaliana? Wale watu hawajawahi kukubaliana hata kama kumekucha."

Watu wakacheka. Mkuu hakucheka. Bi Nyamaza akainuka, akausogelea mchoro uliokuwa umebandikwa pembeni, akauangalia muda mrefu. Samaki wamewekwa juu ghorofani. Mabomba ya maji yako chini. Ngazi moja, nyembamba, nyuma. Akaubandua mchoro ukutani, akauviringisha, akatoka nao. Chai yake tuliikuta mezani imeota ngozi.

Alikwenda moja kwa moja kwa Mama Samaki, kiongozi wa wauza samaki, mwanamke ambaye sauti yake inafika bucha kabla yake. Akamtandikia mchoro juu ya meza, hapo hapo kwenye magamba.

"Nimekubali? Mimi?" Mama Samaki akashika kiuno. "Nani kaniuliza, shoga?" Akachomoa simu kwenye aproni. Ujumbe wa Tausi ulikuwepo, haujafunguliwa, katikati ya matangazo ya bahati nasibu. "Huu? Mimi nilijua matapeli! Na samaki ghorofani, kwani ni njiwa? Binti yangu huyu ndiye anayebeba ndoo za barafu. Mwambie huyo Mkuu wako aje abebe yeye, tumpigie makofi."

Binti alikuwa kasimama pale, ndoo mkononi, tumbo limeshaanza kuonekana. Aliutazama mchoro tu, kidole chake kikipanda ile ngazi polepole, kikifika juu kinashuka.

Sasa, ili mradi uende mbele, zilitakiwa saini, na ya meza ya mahitaji ilikuwa ya mwisho. Bi Nyamaza akagoma. "Mimi sisaini kimya cha watu. Kimya kingi kina mshindo mkuu, na huo mshindo utakuja kunipiga mimi." Mkuu akabembeleza, akapandisha sauti, mwishoe akasema, "Basi utakwenda stoo." Bi Nyamaza akamjibu, "Stoo nitakwenda. Saini nakwenda nayo."

Na kweli, wakampeleka stoo. Wengi mliokuja juzi hamlijui hilo. Kule nyuma, kati ya mifuko ya saruji na mabunda ya waya, chini ya feni lililokatika bawa moja. Meza yake ilikuwa mlango wa zamani uliolazwa juu ya mifuko. Watu waliokuwa wakila naye mchana wakaanza kumsalimia kwa mbali, kama mgonjwa wa surua. Mume wake akaja na mto wa kukalia alioushona mwenyewe, akatangaza pale mapokezi, "Nimemletea mke wangu. Nasikia kapandishwa cheo, sasa ana saruji yake peke yake." Kule kule stoo akaendelea kupokea watu. Wauza samaki wakajua njia ya uani. Harufu ilipofika ofisi ya Mkuu, dirisha likafungwa.

Lakini faili lilikuwa limekwama, na kikao cha madiwani cha kuupitisha mchoro kinakaribia. Ikabidi Mkuu ashuke stoo mwenyewe, anaruka makopo ya rangi kama mtu anayevuka tope. Wakapatana. Bi Nyamaza atafute programu anazozitaka yeye, zijaribiwe zote pamoja na Tausi, sokoni, mbele ya watu. Isipopatikana nyingine yenye kufaa, atasaini bila kelele, na samaki watapanda ghorofani. "Na Tausi ikishindwa?" akauliza. Mkuu akasema, "Haitashindwa." Wakapeana mikono, vumbi la saruji likabaki kwenye mkono wa suti.

Siku ya majaribio ndiyo siku iliyotufundisha kazi sisi wa chumba cha kompyuta, tuliokuwa tukidhani programu nzuri ni ile yenye mambo mengi. Meza ilikuwa ya Mama Samaki, imelowa. Simu moja. Wauza programu wamepanga foleni na viatu vya kung'aa, wakikwepa maji ya mtaroni. Bi Nyamaza akatoa mfuko wa pipi ngumu za mnanaa, akampa kila muuzaji moja ilipofika zamu yake. "Weka mdomoni. Nyonya, usitafune. Mikono mgongoni. Mama huyu anaitumia programu yako mwenyewe, na wewe ukisema neno moja tu umetoka, kwa sababu siku programu yako itakapokuwa inatumika humu sokoni, wewe hutakuwepo."

Wa kwanza alikwenda vizuri mpaka simu ilipodai anwani ya barua pepe. "Inataka barua," Mama Samaki akatangaza. "Nimwandikie nani, na sina ugomvi na mtu?" Kijana akainama, "Hapo unaweka tu—"

"Asante, mwanangu," akasema Bi Nyamaza. "Pipi ni yako."

Wa pili akatoka. Wa tatu akatoka hata pipi haijaanza kuyeyuka. Kulikuwa na moja ya vijipicha vidogo vidogo ambayo Bi Nyamaza mwenyewe aliipenda, alikuwa ameisifia wiki nzima. Mama Samaki akabonyeza kijipicha cha nyumba akitaka kusema habari za jengo, ikamrudisha mwanzo. Akabonyeza tena, mwanzo. "Hii inanifukuza," akasema. Bi Nyamaza akaifuta kwenye orodha bila kumung'unya maneno, ingawa tuliona ilimuuma.

Ikaja zamu ya Tausi. Muuzaji wake, suti ya buluu, alijikaza kiume. Pipi kaishika shavuni, macho mbele. Simu ikawa inateleza kwa magamba. Mama Samaki anasoma kwa sauti, herufi kwa herufi, soko zima linamsikiliza. "Cha-gu-a ai-na ya m-da-u. Mdau wa ndani. Mdau wa nje. Jamani, mimi nakaa ndani, mvua ikivuja nahamia nje, nichague lipi?" Watu hoi. Suti ya buluu anabadilika rangi. Mama Samaki akaenda mbele, akarudi nyuma, akaambiwa neno lake la siri ni dhaifu. "Dhaifu? Nimeandika jina la marehemu bibi yangu! Huyo hakuwahi kuwa dhaifu hata siku moja!" Ndipo tukasikia pipi ikivunjika, krak, na kijana wa watu akalipuka, "Bonyeza kona ya juu kulia, mama, pameandikwa ruka hatua!"

Mkuu akawa anaangalia viatu vyake.

Ya mwisho ilikuwa kitu kidogo, hata jina lake tumelisahau, sisi tunaiita Kifaranga. Wenzetu waliicheka, eti mchezo wa watoto. Ukiifungua unaona picha ya mahali penyewe, na kitufe kimoja kikubwa cha kusemea. Hakuna kujiandikisha. Bonyeza, sema, achia. Mwanadada aliyeileta akaweka pipi yake mdomoni akawa anaangalia kucha zake.

Mama Samaki akabonyeza kwa kifundo cha kidole, maana vidole vimelowa. "Inanisikia? Haya." Akasema. Akasema mpaka simu ikapata moto. Maji, barafu, mtaro, paka, jirani yake wa nyanya, vyote vikaingia. Karani aliyekaa pembeni akasikiliza, akafupisha, akarudisha, na simu ya Mama Samaki ikaongea: tumekuelewa hivi, unataka samaki wakae chini karibu na maji, ni sawa?

"Si sawa," akajibu Mama Samaki. "Nimesema na mtaro uwe na mfuniko. Mmeusahau mtaro wangu."

Basi pale tulimwona Bi Nyamaza akivua miwani na kujifuta. Anasema ni pilipili kutoka meza ya jirani. Sawa, mama, pilipili. Lakini hicho ndicho alichokuwa anakitafuta tangu enzi za mashine ya chapa: kitu kinachomruhusu mtu asiye na cheo kuiambia ofisi, si sawa, rudia. Kifaranga hakimpaki mtu rangi. Asiyejibu anabaki mweupe, na mweupe maana yake vaa viatu ukamtafute.

Yaliyofuata mnayajua kidogo. Bi Nyamaza na vijana wake walizunguka soko lote, meza kwa meza. Siku ya kikao cha madiwani akaingia ukumbini na vumbi la saruji kwenye sketi. Hakuhutubia. Alibonyeza tu, sauti zikajaa ukumbi. Muuza nyama akadai mlango wa mbele. Muuza nguo akaapa muuza nyama hatapata mlango wa mbele. Mchukuzi akalalamikia kona inayomchubua bega. Madiwani wakacheka, wakachangamka, hadi ikaja sauti ya chini, ya taratibu, ya yule binti wa Mama Samaki. "Mimi ndiye nabeba barafu. Sasa hivi nina mimba. Ile ngazi mliyoichora, naomba anayeipenda aipande mara moja na ndoo yangu. Mimi nitamsubiri chini." Hakuna aliyecheka tena. Mchoro ukarudishwa kuchorwa upya, na samaki wako chini hadi leo, karibu na maji, mtaro una mfuniko.

Si kila mtu alipata alichotaka. Wauza nyama walikosa ule mlango, na mpaka leo Bi Nyamaza akienda bucha wanampimia mifupa. Analipa, anawaambia hali ya mlango haijabadilika, anaondoka na mifupa yake. Mkuu naye, tuwe waungwana, alisimama mbele ya madiwani akasema alikosea, na siku ya pili akamrudishia meza yake. Ule mto ukabaki stoo, paka kaurithi.

Laiti tungeweza kuishia hapo, tukate keki, tupige picha. Lakini sasa unakuja mradi wa kituo cha mabasi, na Tausi kafufuka. Kabadili jina na kaota manyoya mapya. Tumeambiwa majaribio ya pipi si ya kitaalamu. Tumeambiwa dunia inakwenda mbio. Makondakta na wakata tiketi wamekwisha kutumiwa ujumbe, na tayari ukuta umeanza kuwa kijani. Tena kijani kizuri kweli, mtu asiyejua angeotesha mchicha.

Jumatano iliyopita Mkuu akaitisha kikao. Akamsifu sana Bi Nyamaza, kwa utumishi, kwa uchapakazi, sifa zile anazopewa mtu aliyeshika kitasa cha mlango. Kisha akasema, "Sasa mama yetu anapumzika, nasi twende kisasa. Kituo tutatumia mfumo mpya. Kuna mwenye pingamizi?"

Wote tukageuka kumtazama Bi Nyamaza. Ndivyo tulivyozoea. Miaka yote hii, jambo likienda kombo, sisi tunamtazama yeye, yeye anafoka, sisi tunakwenda kunywa chai. Bi Nyamaza alikuwa anafuta miwani yake na pindo la kitambaa. Akafuta kioo cha kulia. Akafuta cha kushoto. Hakusema neno.

"Basi," akasema Mkuu, anafunua kalamu, "tumekubaliana."

Na hapo, jamani, akakohoa mpima ardhi. Mtu huyu vikao vyote huuliza jambo moja tu, kama gari la kurudi lipo. Akasema, "Mimi sijakubali."

"Unasemaje?"

"Nasema sijakubali, Mkuu. Nilikuwa nimenyamaza tu."

Karani wa faili akasema, "Na mimi." Dereva, ambaye hata hakualikwa kikaoni, alikuwa kaegemea mlango anasubiri funguo, akasema, "Kama bado mnahesabu, na mimi." Chumba cha kompyuta tukasimama wote, kiti kikaanguka, hatukukiokota. Mkuu akasema, "Huyu mama kawafundisha ubishi." Dereva akamjibu, "Ndiyo, Mkuu. Na hakutudai ada."

Bi Nyamaza akavaa miwani. Akatutazama mmoja mmoja, taratibu, kama fundi anayeliangalia paa aliloliezeka mvua ya kwanza inapoanza.

Kwa hiyo matokeo ni haya, na tunayaandika hapa ili asiwepo wa kusema hakusikia. Mfumo haujapitishwa. Jumatatu utajaribiwa kituoni, saa za msongamano, honi zinalia, mkononi mwa kondakta mwenye abiria wa kuwarudishia chenji. Aliyeuleta atakaa pembeni na mdomo wake umefungwa. Ukifaulu, tutaupokea kwa moyo mweupe, sisi hatuna ugomvi na rangi. Ukishindwa, utarudi ulikotoka. Na anayedhani tutaona haya au tutaogopa stoo, stoo tumeshaifagia.

Bi Nyamaza, asante. Asante kwa zahanati zenye milango mipana, kwa kutufokea mbele za watu na kutugawia chai pembeni, kwa kutuonyesha kwamba kazi yetu inaanzia kwa mwenye ndoo. Tunakutakia asubuhi za kulala mpaka jua lichoke kukugongea, magoti yasiyodai, mume wa kubishana naye kwa raha zenu, na nyumba isiyo na ngazi.

Na Jumatatu usije kituoni. Tunakujua, utatafuta kisingizio, utasema unapanda basi kwenda kumsalimia dada yako. Kaa nyumbani, mama. Safari hii tutasema wenyewe.